Linki ya mechi: kuonyesha njia au udalali?

SOMO LA MWEZI HUU

Familia kadhaa zimetuuliza swali moja kwa namna mbalimbali. Mmoja anauliza kuhusu mechi, mwingine kuhusu filamu, mwingine kuhusu kitabu cha shule cha mtoto. Swali lenyewe ni hili: kama mimi sikuiba kitu, nimetuma linki tu kwenye simu, nimevunja sheria?

Swali hili limezifikisha mahakama kubwa za dunia kwenye majibu tofauti. Tulisome pamoja polepole. Mkimaliza, kaeni na watoto mjibu maswali yaliyo mwishoni, kwa sababu mara nyingi wao ndio wanaotuma.

Maneno ya somo

Hakimiliki ni haki ambayo sheria humpa mtu aliyetunga au kutengeneza kazi: wimbo, kitabu, filamu, picha, programu ya kompyuta. Yeye ndiye anayeamua nani ainakili na nani aisambaze. Matangazo ya redio na televisheni nayo yana ulinzi wake, ukiwemo urushaji wa mechi.

Linki, wengine huiita kiungo, ni anwani unayoibonyeza ikakupeleka kwenye ukurasa fulani mtandaoni. Linki haibebi filamu wala wimbo. Inakuonyesha ulipo tu.

Kazi ya wizi, katika somo hili, ni nakala au matangazo yaliyowekwa mtandaoni bila idhini ya mwenyewe.

Kisa cha kufikiria

Tuseme ni jioni ya mechi ya Simba na Yanga. Katika nyumba moja ya Ruwi, baba anahangaika na rimoti, chaneli haipati.

"Baba, subiri kidogo," anasema kijana wake. "Kuna linki imeletwa kwenye grupu."

"Imeletwa na nani?"

"Sijui. Imefowadiwa mara nyingi. Lakini inafungua."

"Basi mpelekee na ami yako kule Al Khoud. Tangu magharibi ananipigia simu."

Kijana anamtumia ami yake. Kisha anaituma kwenye grupu la watu wa mtaa wao wa zamani, lenye watu mia mbili. Mama, aliyekuwa akikunja nguo, anauliza: "Lakini jamani, hiyo ni halali?"

Baba anajibu: "Sisi hatukuiba kitu, mama watoto. Tumeonyeshana njia tu."

Jibu la baba ndilo tunalolipima leo. Ili tulipime vizuri, tuwatenganishe watu watatu waliomo katika kisa hiki.

Wa kwanza ni yule aliyeyachukua matangazo ya chaneli na kuyarusha upya bila idhini. Wa pili ni mwenye tovuti iliyokusanya linki. Yeye hana mechi hata moja kwenye kompyuta yake. Amezipanga linki vizuri kwa siku na saa, akazizungushia matangazo ya kamari, na kila anayebonyeza humwingizia pesa. Wa tatu ni kijana wetu wa Ruwi.

Kuhusu wa kwanza hakuna ubishi: amevunja sheria karibu katika kila nchi. Ubishi uko kwa wa pili na wa tatu.

Twende kwanza sokoni

Fikiria umesimama Souq ya Mutrah. Mgeni anakuuliza zinapouzwa kandambili za bei nafuu, nawe unamwonyesha duka kwa kidole. Kesho yake inajulikana kuwa bidhaa za duka lile ziliibwa ghalani. Je, wewe una kosa? Wengi watasema huna. Ulionyesha njia, hukujua.

Sasa badilisha kisa kidogo. Unajua vizuri kwamba mali ile ni ya wizi, na bado unawapeleka watu. Badilisha tena: umekaa langoni kutwa nzima, unawaita wapita njia, na mwenye duka anakulipa baiza mia kwa kila mteja. Hapo umeshakuwa dalali wa mali ya wizi. Kidole ni kilekile, duka ni lilelile, lakini hakuna mtu mwenye akili timamu atakayesema mambo haya matatu ni sawa.

Ushikilie mfano huu. Sheria nyingi tutakazozitaja zinahangaika na jambo hilohilo: mpaka kati ya kidole na udalali.

Sheria ya hapa Oman

Oman inalinda hakimiliki kwa Amri ya Sultani namba 65/2008. Kwa kawaida kazi hulindwa maisha yote ya mtunzi na miaka 70 baada ya kufa kwake. Sheria ya makosa ya mtandao, Amri ya Sultani namba 12/2011, nayo inagusa haki za watunzi zinazovunjwa kwa kutumia mtandao. Adhabu zimo za kifungo na za faini.

Usidhani kwamba zinalindwa kazi za Waomani peke yao. Oman imo katika Mkataba wa Berne tangu 1999, na Kenya na Tanzania zimo pia. Nchi zilizomo zimekubaliana kulindiana kazi za watunzi wao. Kwa hiyo wimbo wa mwanamuziki wa Unguja au filamu ya Nairobi ina mwenyewe hata ikichezwa Muscat.

Je, linki imetajwa popote? Imetajwa, mahali ambapo wengi hawapatazamii. Mkataba wa biashara huru kati ya Oman na Marekani, ulioanza kutumika Januari 1, 2009, una sura nzima kuhusu haki za ubunifu. Ndani yake wamo watoa huduma za mtandao, wakiwemo wale wanaowaelekeza watu kwa linki, kama mashine za kutafutia. Mkataba unasema wanaweza kukingwa wasidaiwe fidia, kwa masharti. Ukiyafupisha masharti hayo unapata maswali matatu:

1. Ulijua kwamba kitu kile kimewekwa bila idhini?
2. Ulipata faida ya pesa moja kwa moja kutokana nacho, hali ya kuwa ungeweza kukizuia?
3. Ulipojua au ulipoarifiwa, ulikiondoa upesi?

Kinga hiyo iliandikwa kwa ajili ya kampuni. Haikuandikwa kwa ajili ya kijana mwenye simu, wala yeye asiitegemee. Lakini maswali yenyewe ni mazuri, na tutayaona tena katika nchi nyingine.

Mahakama za kwingine zimesema nini

Sweden. Waandishi wa habari kadhaa walilalamika kwamba tovuti nyingine iliweka linki za makala zao bila kuwaomba. Makala zenyewe zilikuwa wazi kwa kila mtu kwenye tovuti ya gazeti. Februari 2014, katika kesi iitwayo Svensson, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema hakuna kosa: ukionyesha kitu ambacho mwenyewe amekiacha wazi kwa wote, hujamvunjia haki.

Uholanzi. Tovuti iitwayo GeenStijl iliweka linki ya picha ambazo jarida la Playboy lilikuwa halijazichapisha bado. Mwenye haki akaomba linki iondolewe. Tovuti ikakataa. Septemba 2016 mahakama ileile ya Ulaya ilitoa kipimo. Mtu wa kawaida anayeweka linki bila kutafuta faida hachukuliwi tangu mwanzo kuwa alijua. Lakini akijua, au akiarifiwa, mambo hubadilika. Na anayeweka linki kwa kutafuta faida huhesabiwa kuwa alijua, mpaka athibitishe kinyume chake.

Uholanzi tena. Mfanyabiashara mmoja aliuza visanduku vya kuunganisha na televisheni, ndani yake zimo tayari linki za filamu na mechi za wizi. Aprili 2017 mahakama ilisema huyu amevunja hakimiliki, ingawa yeye mwenyewe hakunakili filamu hata moja. Ikaongeza kwamba anayetazama kwa makusudi kutoka chanzo cha wizi asitegemee kwamba sheria inamkinga. Wasomaji wenye kisanduku cha namna hiyo nyumbani wasome aya hii mara mbili.

Uingereza na Marekani. Mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu mjini Sheffield aliendesha tovuti iitwayo TVShack, yenye linki za filamu na tamthilia. Filamu zenyewe hazikuwa kwake. Marekani ilitaka apelekwe kule akashtakiwe, na mwaka 2012 mahakama ya London ikakubali kwamba anaweza kupelekwa. Watu wengi walipinga, wakisema tovuti yake iliendeshwa Uingereza na kama ana kosa ahukumiwe hukohuko. Novemba 2012 yalifikiwa makubaliano: akalipa pauni 20,000 na hakupelekwa kushtakiwa. Kwa takriban miaka miwili familia ile iliishi kwa hofu ya mtoto wao kufungwa nchi ya mbali.

Kenya. Sheria ya hakimiliki ilirekebishwa mwaka 2019. Mwenye kazi akiona kazi yake mtandaoni bila idhini humpelekea mtoa huduma taarifa ya maandishi, na mtoa huduma hupewa saa 48 za kazi kuizuia. Anayetoa taarifa ya uongo kwa makusudi naye ana kosa. Mwaka huohuo MultiChoice Kenya ilizipeleka mahakamani Safaricom na Jamii Telecommunications kwa sababu ya tovuti zilizorusha mechi bila idhini, na mwaka 2022 Mahakama Kuu iliamuru tovuti hizo zizuiwe. Angalia mshale ulikoelekezwa: ulielekezwa kwenye njia zenyewe, haukuelekezwa kwa mtazamaji mmoja mmoja.

Ghuba. Hapa jirani kisa kinachojulikana ni cha beoutQ. Kuanzia mwaka 2017 kituo hicho kilichukua matangazo ya beIN ya Qatar na kuyarusha kwa nembo yake, na visanduku vyake vikauzwa madukani. Qatar ilipeleka shauri Shirika la Biashara Duniani dhidi ya Saudi Arabia. Juni 2020 jopo la shirika hilo lilisema Saudi Arabia haikuchukua hatua za jinai dhidi ya waliokiendesha kama mkataba unavyotaka. Ugomvi wa linki na visanduku umefika mpaka kati ya dola na dola.

Hoja za pande mbili

Wanaotaka linki ya kazi ya wizi iwe kosa wana hoja nzito. Mwizi aliyejificha hana faida bila watu wa kumletea wateja. Ukishindwa kumkamata yeye, mkamate anayeonyesha mlango. Tena anayeumia si kampuni kubwa peke yake. Mwaka 2021 Azam Media ilitia saini na TFF mkataba wa miaka 10 wa zaidi ya shilingi bilioni 225 kwa ajili ya kuonyesha Ligi Kuu ya Tanzania Bara. Pesa za namna hiyo ndizo zinazosaidia klabu ndogo kusafiri na kulipa wachezaji. Watazamaji wakihamia kwenye linki za bure, mkataba ujao utakuwa na thamani gani? Na mwimbaji wa taarab asiye na klabu wala mkataba, ambaye albamu yake imo kwenye grupu kabla hajauza nakala kumi, atakula nini?

Wanaopinga nao wana hoja nzito. Intaneti yote imesukwa kwa linki. Kama kila linki ni hatari, mwandishi wa habari atashindwa kumwonyesha msomaji ushahidi, na mwalimu atashindwa kumwonyesha mwanafunzi pa kusoma. Mtu wa kawaida hawezi kujua kila picha na kila video ina idhini ya nani. Ukurasa uliokuwa safi leo unaweza kubadilishwa kesho, na linki yako ikabaki palepale. Mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya Kanada, katika kesi ya kashfa, ilisema linki peke yake ni kama rejea: inasema kitu kipo, haikisemi kitu chenyewe. Kesi ile haikuhusu hakimiliki, lakini hoja yake inagusa hapa pia. Na sheria ikiwa pana mno, wanaokamatwa ni wale walio karibu: vijana na wageni. Mwizi mwenyewe yuko mbali.

Tunavyoona sisi

Tukizipima hoja zote mbili, tunaona linki yenyewe isiwe kosa. Kitakachompa mtu kosa kiwe majibu ya maswali yale matatu.

Mwenye tovuti, yule mtu wa pili, anajua, anafaidika, na akiambiwa aondoe hufungua tovuti nyingine. Huyo ni dalali wa mali ya wizi, na kudai "mimi nimeweka linki tu" hakumsafishi. Sheria imshike.

Mtu aliyetuma linki ya wimbo kwa ndugu yake, hajui kama una idhini au hauna, hapati hata baiza, na akiambiwa anaifuta, asishtakiwe kama mhalifu. Akielezwa inatosha.

Je, kijana wetu wa Ruwi? Tuseme ukweli, yuko katikati. Hakupata pesa. Lakini ukurasa ulikuwa na jina la ajabu, umejaa matangazo ya kamari, na mechi ya kulipia imewekwa bure. Moyoni alijua. Tena hakumwonyesha mtu mmoja: aliwaonyesha mia mbili. Hatuoni kwamba anastahili jela. Hata hivyo baba yake hawezi kusema "tumeonyeshana njia tu" akawa amemaliza. Mama aliuliza swali sahihi, na lilistahili jibu sahihi.

Huo ni mtazamo wetu wa jinsi sheria inavyofaa kuwa. Jinsi ya kuishi leo ni jambo jingine. Sisi hapa wengi ni wageni, au tumerudi juzi na mambo yetu hayajakaa sawa. Mtu anayeishi kwa kadi ya ukaazi akiingia kwenye kesi ya jinai, mzigo wake haumalizikii kwenye faini: kuna kazi, kuna shule ya watoto, kuna kibali chenyewe. Mechi ya dakika 90 haina thamani hiyo.

Nyumbani ufanye nini

Kabla ya kufowadi, jiulize maswali matatu: Najua imetoka kwa nani? Kuna anayeingiza pesa kwa mgongo wa mtunzi? Nikiambiwa ni ya wizi, nitaifuta? La kwanza likikosa jibu, usitume.

Tafuta mlango wa mwenyewe. Klabu, wanamuziki na vituo vingi vya televisheni vina chaneli zao rasmi mtandaoni, na nyingine ni za bure. Tuma linki ya huko. Hapo unamsaidia mtunzi, kwa sababu kila anayetazama huhesabiwa kwake.

Ukiwa msimamizi wa grupu, andika kanuni fupi: hapa hatuweki linki za filamu, mechi au vitabu vya wizi. Akikosea mtu, mwambie kwa upole faraghani, kisha ifute.

Ukinunua kisanduku cha televisheni, uliza kinapataje chaneli zake. Ukiambiwa "lipa riali chache mara moja, utapata chaneli zote za dunia maisha yako yote", ujue kuna mtu halipwi.

Linda simu yako. Kurasa nyingi za linki za wizi hukutaka uweke programu usiyoijua, au uandike namba ya kadi ya benki ili "kuthibitisha umri". Usifanye hivyo, na namba ya siri inayotumwa na benki kwenye simu yako usimpe mtu yeyote.

Vitabu vya shule: usipokuwa na pesa ya kitabu, zungumza na mwalimu au ulizia maktaba kwanza. Kuuliza si ujinga.

Ukipokea barua au simu kuhusu jambo la namna hii, usijibu kwa hasira na usitie saini karatasi ya Kiarabu usiyoielewa. Ilete ofisini kwetu tukutafutie mtu wa kukusomea. Somo hili ni la elimu tu, halichukui nafasi ya wakili.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Eleza kwa maneno yako tofauti ya kuonyesha njia na udalali. Toa mfano usiohusu simu.
2. Dada anatuma kwenye grupu la akina mama linki ya albamu nzima ya taarab iliyonakiliwa. Hakujua. Mwimbaji anamwandikia kumwomba aiondoe. Afanye nini, na kwa nini?
3. Je, mtu anayepeleka linki kwa ndugu mmoja ni sawa na anayepeleka kwa watu mia mbili? Baba na watoto, kila mmoja atoe sababu yake.
4. Ungekuwa wewe uliyetunga wimbo ule, ungependa sheria imshike nani kwanza?
5. Rudini kwenye kisa cha Ruwi. Mama ameuliza, "Hiyo ni halali?" Mwandikieni baba jibu jipya, la sentensi mbili.

Majibu ya swali la tano mtuletee mkija darasani. Tutayasoma kwa sauti, na yaliyo mazuri tutayachapa katika toleo lijalo.